Mtu wa Msondo

Najua nimepotea, mwezi mzima sijaandika hata mstari mmoja. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimedisko. Hapana bwana, nipo, bado ni mwanafunzi halali mwenye kitambulisho na madeni. Ni tesiti tu, pamoja na asaimenti mbili za kikundi ambazo kikundi chenyewe kilikuwa mimi peke yangu. Leo umeme upo, jamaa zangu wa chumbani wametoka kwenda kuangalia mpira, nimeona nikae nimwage hiki kitu kabla hakijanichachia kifuani.

Ni habari ya muziki. Tena siyo muziki mpya, kwa hiyo wale mnaokimbia mkisikia zilipendwa, ruksa, mlango uko wazi. Wanaobaki karibuni, vuteni ndoo mkae.

Chumba chetu mnakijua. Tupo wanne, vitanda viwili vya ghorofa, na feni moja ambayo imeamua kupepea mlango tu. Wawili ni watu wa Diamond damu. Wa tatu, huyu anayelala juu yangu, ni mtu wa Alikiba, na ni wale wa kufa na kuzikana. Ukimwambia Kiba anakaa sana bila kutoa wimbo, anakujibu kwamba hata mvua nzuri hainyeshi kila siku. Hawa watu wameshabishana mpaka saa nane usiku, siku ambayo asubuhi yake kuna tesiti ya takwimu, nani ana sauti na nani ana kelele. Mimi huwa nalala chali kama mzee wa baraza, nawaacha wachoke, halafu nasema neno langu lile lile: nyie wote hamjui muziki, muziki ni Sikinde. Hapo narushiwa mto na tunalala.

Kama mnataka msimamo wangu kwenye hilo la kwao, nautoa hapa mara moja sitaki tena kuulizwa. Kiba ana sauti, kapewa na Mungu, na "Mwana" ya 2014 ni wimbo ambao mpaka kesho ukipigwa dukani nitasimama nje hadi uishe. Diamond anajua kazi kuliko mtu yeyote, lakini kwangu mimi wimbo wake bora ni "Mbagala". Vilivyofuata vina hela zaidi, ila ile njaa iliyomo mle ndani sijaisikia tena. Basi. Turudi kwa wakubwa.

Sikinde nimerithi, kama wengine walivyorithi Simba na Yanga. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, sasa kastaafu, nyumbani ni Morogoro. Mimi ndiye kitinda mimba wake, nimezaliwa 2003 yeye akiwa na miaka 45, ndiyo maana nimekua nikisikia muziki ambao wenzangu shuleni walikuwa wanausikia kwa babu zao. Jumapili baada ya chakula cha mchana mzee anavaa msuli, anabeba kiti mpaka chini ya mwembe, anaweka kanda kwenye redio kaseti, na kuanzia hapo hatumwi mtu dukani wala hakatwi mtu nywele. Ni Mlimani Park mpaka jua lipoe.

Kwa faida ya waliozaliwa juzi: Sikinde ndiyo hiyo Mlimani Park Orchestra. Ilianza 1978, na jina limetoka kwenye baa iliyoitwa Mlimani Park, siyo kwenye chuo, poleni sana mliokuwa mnajivunia. Mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ndiyo wazee wakawa wanasema DDC Mlimani Park. Sikinde yenyewe ni ngoma ya Wazaramo, wakaifanya jina la mtindo wao. Zamani kila bendi lazima iwe na mtindo: Vijana Jazz wamepita na Takatuka, Koka Koka, Pambamoto, Maquis walikuwa na Kamanyola. Ukitaja mtindo tu, mtu anajua unaongelea nani na ugomvi unaanza papo hapo.

Mkiwa na spika za maana, siyo hizi za simu, tafuteni "Neema" aliyoimba Cosmas Chidumule, au "Majirani Huzima Redio". Wimbo unaanza taratibu. Mwimbaji anakueleza shida yake tangu mwanzo, hana haraka, kama mtu aliyekuja kwako jioni na anajua atalala. Magitaa yanasukana bila hata moja kumkanyaga mwenzake. Saksafoni na tarumbeta zinaingia kama wageni waliobisha hodi kwanza. Halafu wimbo unachanganya, maneno yanapungua, na wewe uliyekuwa karibu kulia unajikuta mguu unacheza wenyewe. Wanasema Sikinde ngoma ya ukae, na kweli unakaa. Halafu sauti! Hassan Bitchuka, ile nyembamba ya juu kabisa, wakamwita Stereo. Na Muhidini Maalim Gurumo, nzito, imetulia, kama mjomba anayekuonya huku anakupenda. Mimi nilikuwa namwita Gurumo babu wa kwenye redio. Nilikuwa mdogo, lakini hata sasa nikimsikia nanyoosha mgongo.

Sasa kitu kimoja. Nyumbani kwetu Msondo ilikuwa marufuku.

Sisemi haikupendwa, nasema marufuku. Redioni ukianza wimbo wa Msondo baba ananyoosha mkono anageuza kitufe. "Mtu wa Msondo" lilikuwa tusi la nyumbani. Fundi kachelewa kuleta kabati: huyo ni mtu wa Msondo. Mgombea kaahidi maji hajaleta: Msondo huyo. Kulikuwa na mtu mmoja hasa aliyebeba jina hilo, mdogo wake baba, fundi seremala wa Tandika, Dar es Salaam, ambaye mimi nilimjua kwa picha moja tu ya harusi. Hakuja kwetu na sisi hatukwenda kwake. Nikimuuliza mama kwa nini, ananijibu, "Yule ni Msondo, baba yako ni Sikinde." Nikaridhika. Nikiwa mtoto niliamini kabisa, wallahi, kwamba ndugu wawili wa tumbo moja waliacha kusalimiana kwa sababu ya bendi. Na nikaona ni sababu ya kutosha.

Nilipofika kidato cha tatu dada yangu mkubwa ndiye akanipasulia. Babu yetu alifariki Kilosa mwaka 2006, mwishoni mwa Machi. Wiki hiyo hiyo akafariki TX Moshi William, yule mwimbaji mkubwa wa Msondo. Baba mdogo hakuonekana kwenye mazishi ya baba yake. Alikuwa Dar, kwenye msiba wa TX. Alipofika Kilosa kaburi lilishafukiwa, na baba akamwambia mbele za watu: wewe umeshazika wako, mimi nimezika wangu. Mpaka leo hawajakaa sehemu moja.

Mimi baada ya kuambiwa hivyo nikawa Sikinde mara mbili. Nikaja nayo chuoni hivyo hivyo, naipigania usiku na mchana, na Msondo nikimsikia mtu anaitaja namkatisha. Mtaniuliza nilikuwa nimesikia nyimbo ngapi za Msondo. Nitawajibu: nusu nusu, zile sekunde tano kabla baba hajafika kwenye kitufe.

Haya. Muhula huu bumu likachelewa. Mnajua wenyewe hali ilivyokuwa, watu wanakula mara moja kwa siku na wanaita ni mazoezi. Nikampigia mama. Mama akanyamaza kidogo, halafu akanitajia namba ya simu polepole, kwa kichwa, bila kusoma popote. "Mpigie baba yako mdogo. Usiseme mimi nimekupa." Mpaka leo najiuliza hiyo namba ameishika kichwani tangu lini.

Nikapiga. Sauti upande wa pili ikauliza, "Wewe ni nani?" Nikajitambulisha. Kimya. Halafu, "Umekula?" Ndiyo ilikuwa salamu. Jumamosi nikapanda daladala mpaka Tandika.

Baba mdogo ni mwembamba kuliko kwenye picha, anakohoa, vidole vimejaa gundi ya mbao. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanishika kichwa akakigeuza kulia na kushoto kama anakagua kitanda alichotengeneza. Tukala ugali na dagaa wa nazi, mke wake akanijazia mara tatu bila kuniuliza. Kwenye karakana yake kulikuwa na redio kaseti nzee imefungwa kwa mpira, na ilikuwa inapiga taarabu. Ikapiga taarabu mchana kutwa. Mpaka jioni nikamuuliza, baba mdogo, kumbe wewe mtu wa taarabu? Akacheka. Akasema alijua anakuja mtoto wa Sikinde, hakutaka ugomvi ndani ya nyumba siku ya kwanza.

Nikamwambia weka tu. Sijui kwa nini nilisema vile. Labda ule ugali.

Akatoa boksi la viatu. Kanda tupu, nyingine hata kava hazina, mbili tatu zimeandikwa kwa kalamu ya mkaa ya ufundi. Hapa niwaelezee kidogo, maana tunapenda kubishana albamu ipi bora. Wazee wetu hawakubishania albamu. Bendi ilikuwa inakwenda kurekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo unapigwa hewani, basi. Ukiutaka unakaa na redio kaseti, kidole kwenye kitufe cha kurekodi, unamwomba Mungu mtangazaji asiongee katikati. Kwenye kanda za baba mdogo watangazaji wameongea sana katikati. Kuna moja ina habari za bei ya pamba.

Akachukua penseli, akaizungusha kanda mpaka utepe ukakaza, akaiweka.

Sasa nitasema ukweli wangu, na wanaotaka kunirushia mito warushe. Ile ngoma ilinipiga. Msondo ni jina la ile ngoma ndefu, na bendi inafanana na jina. Haikubembelezi kama Sikinde. Tumba ziko mbele, gitaa la solo la Said Mabera linarudia kitu kile kile mpaka unadhani limekwama, kumbe linakuchimbia shimo, unakuja kushtuka umo ndani. Sikinde imepigwa pasi. Msondo imevaa shati lilelile la kazini. Nilikuwa nasikiliza huku natafuta kasoro, kweli nilikuwa nazitafuta, mzee wangu asije akaniuliza.

Halafu akaingia mwimbaji. Sauti nzito, imetulia, mjomba anayekuonya huku anakupenda.

Nikaruka. Nikasema, "Huyu si Gurumo? Huyu ni wa Sikinde huyu!"

Baba mdogo alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mke wake akaja na maji. Alipotulia akaniuliza, taratibu, "Baba yako hakukwambia?"

Wadau, mimi ninayejidai mjuzi wa Sikinde nilikuwa sijui kitu ambacho kila mwendesha bajaji wa Tandika anakijua. Gurumo alikuwa Msondo kabla Sikinde haijazaliwa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipoanzisha bendi, Gurumo alikuwemo. NUTA Jazz ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, ikaishia kuitwa Msondo Ngoma. Bendi ni ile ile, ilikuwa inabadili jina kila chama kikibadili. Ilipoanza Mlimani Park 1978 Gurumo akahamia kule. Mwaka 1985 akaondoka tena na wenzake, Abel Baltazar akiwemo, wakaenda Orchestra Safari Sound na mtindo wao Ndekule. Baadaye akarudi nyumbani Msondo, akakaa mpaka alipotangaza kustaafu 2013. Na siyo yeye tu. Bitchuka wangu, Stereo, alitokea NUTA. Shaaban Dede aliimba Sikinde, na alipofariki Julai 2017 alikuwa mtu wa Msondo. Walikuwa wanapishana mlangoni kama wapangaji.

Baba aliponisimulia historia ya Sikinde aliishia 1985. Nilikuwa nadhani hadithi imeisha pale. Hata siku Gurumo alipofariki, Aprili 2014, nakumbuka vizuri, nilikuwa na miaka 11. Baba alikaa chini ya mwembe na kanda zake mpaka giza likaingia, na redio ya ndani akakataza isiwashwe. Nilidhani ni heshima ya msiba. Sasa ndiyo naelewa, kila aliyekuwa anatangaza msiba ule lazima alikuwa anasema Gurumo wa Msondo.

(Jamaa zangu wa Diamond, tulieni, nawakumbuka. Ndiyo, ni Diamond aliyempa Gurumo gari mwaka 2013, baada ya mzee kusema miaka yote ile kwenye muziki hajawahi kumiliki gari. Hapo nampa heshima zangu zote na "Mbagala" juu yake.)

Basi tukakaa pale karakanani mpaka usiku, mbu wanatula, kanda zinabadilishwa. Na ndipo baba mdogo akaniambia lile la pili, ambalo dada yangu hakulijua.

Baba yangu ndiye aliyemwingiza Msondo.

Mwaka 1977 baba alikuwa kijana wa miaka 19, ndiyo kwanza kaajiriwa reli, anakaa Dar, na mdogo wake wa miaka 13 kaletwa kutoka Kilosa kusoma. Baba alikuwa mtu wa NUTA. Usiku wa dansi alikuwa anakwenda naye mpaka Amana, Ilala. Mtoto haruhusiwi kuingia, kwa hiyo anamnunulia chai na andazi, anamwekea tofali karibu na ukuta wa ukumbi, anamwambia kaa hapa usikilize, usiondoke. Yeye anaingia kucheza. Kila baada ya nyimbo mbili tatu anatoka kumwangalia kama yupo. "Nilijifunza muziki kwa mgongo," baba mdogo akasema. "Nilikuwa nauegemeza ukutani, besi inanipiga mbavuni."

Mwaka uliofuata Gurumo akahama, na baba akatangaza kwamba wanahama. Mdogo wake akakataa. Kwa nini? Akasema yeye hakuwa anamfuata mwimbaji, hakuwa hata anawaona sura, yeye alikuwa na ukuta wake. Wakagombana, ugomvi wa kwanza wa maisha yao, mmoja ana miaka 20 mwingine 14. Ila huo ulikuwa wa kucheka. Miaka mingi ulikuwa wa kucheka, mpaka 2006.

Nikamuuliza kuhusu 2006. Sikutaka kumuuliza, nikamuuliza.

Hakujitetea. Alisema mzee wao alikuwa anaumwa muda mrefu na baba alishamwita aende Kilosa, yeye akasema asubiri mwisho wa mwezi alipwe hela ya kabati za watu. TX akafariki tarehe 29. Akaenda msibani, akashinda na kulala huko. Simu hakuwa nayo wakati huo, ujumbe ukaletwa kwenye duka la jirani na jirani hakujua amtafute wapi. Akaupata usiku wa siku ya pili. Alfajiri akawa Ubungo kwenye basi la kwanza. Akafika Kilosa Ijumaa alasiri, watu wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani.

"TX nilikuwa namwona kila Jumapili, miaka zaidi ya kumi," akasema. "Baba yangu nilikuwa namwona mara mbili kwa mwaka. Sisemi ni sawa. Nakwambia ilivyokuwa."

Kisha akageuza kanda upande wa pili.

Nimeliwaza hilo neno wiki nzima. Sijui niliweke wapi. Upande mmoja namwona mzee wangu pale kaburini, anageuka geuka kutazama njia, mdogo wake haji. Yule yule aliyekuwa anatoka nje ya ukumbi kila baada ya nyimbo mbili kuhakikisha mtoto yupo kwenye tofali. Safari hii ametoka, tofali halina mtu. Mimi ningekasirika pia, tena sana. Upande mwingine nadhani sisi washabiki tunadanganyana tunaposema ni muziki tu. Mtu akikuimbia kila Jumapili miaka kumi anakuwa nani kwako? Huyo wa kitanda cha juu siku Kiba akiugua mafua anakosa usingizi, na kwao hajapiga simu tangu muhula uanze. Nimemwambia hivyo juzi, akaninunia siku nzima. Jioni nikamsikia yuko nje kwenye ngazi anaongea kikwao.

Lakini linalonitesa zaidi ni lile la Gurumo. Miaka yote hii ndugu wawili wamekaa, mmoja Morogoro chini ya mwembe, mwingine Tandika kwenye vumbi la mbao, kila mmoja na redio kaseti yake, na sauti inayotoka mle ndani ni ya mtu mmoja.

Jumapili usiku nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?" (Kumbe wote wawili wana salamu moja.)

Nikamwambia nimekula. Nikamwambia jana nilikuwa Tandika. Akauliza Tandika kuna nini. Nikasema nilikuwa kwa baba mdogo. Nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea, nikasikia imezimwa. Nikajua mama yupo jikoni kasimama na mwiko mkononi.

Alikaa kimya mpaka nikaangalia simu kama imekata. Halafu akauliza, "Bado anakohoa?"

"Anakohoa, baba."

"Ni vumbi la mbao. Nilimwambia tangu zamani afunge kitambaa."

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu. Nikasema, baba, eti zamani ulikuwa Msondo?

"Nani kasema?"

"Baba mdogo. Kasema ulikuwa unampeleka Amana."

Kimya tena. Halafu mzee wangu, kwa sauti ya mtu anayerekebisha hesabu za ofisini, akasema: "Haikuwa Msondo wakati ule. Ilikuwa NUTA." Akaongeza, "Salio litakuishia," akakata.

Nilicheka peke yangu kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Na machozi yalikuwepo, sitaki uongo.

Jumatatu hakuna kitu. Jumanne hakuna kitu. Nikajua nimeharibu, na mama atasakamwa kwa ajili ya ile namba. Jumatano mchana niko darasani, mhadhiri yuko katikati ya mgawanyo wa kawaida, simu ikatetemeka. M-Pesa, shilingi 20,000, kutoka kwa baba. Dakika moja baadaye ujumbe, baba huwa anaandika bila nukta wala mkato:

kumi yako kumi mpe mtu wa msondo anunue dawa ya kifua

Nimeusoma mara nyingi kuliko notisi zangu zote za muhula huu. Sijamwambia baba mdogo kitu kwenye simu, nataka nimwone uso akipokea. Jumamosi nashuka Tandika. Ile elfu kumi nimeitoa kwa wakala nikaiweka ndani ya kitabu cha takwimu, maana ikibaki kwenye simu nitaila.